Nilivyonunua Mashine kwa Zamu Yangu ya Mabati

Mnakuja hapa kwangu mmoja mmoja, mmejipaka grisi hata masikioni, na wote mna swali moja. "Shosho, nataka kuanza kuchomelea bodi za lori nyumbani. Ninunue mashine gani?" Nimechoka kulijibu. Magoti yanauma, macho yana mchanga usiotoka, na chai yangu inapoa nikiwaeleza. Kwa hivyo nimeandika. Shule yangu iliishia pale mtu anaposoma Biblia polepole kwa kidole, basi msinitafutie makosa. Someni, halafu mniache ninywe chai.

Kwanza, swali lenyewe mnaliuliza vibaya. Mnauliza mashine iko na nguvu kiasi gani. Hakuna anayeuliza inachoka lini. Punda yeyote anaweza kuvuta mkokoteni mbele ya mnunuzi. Mimi nataka kujua huyo punda atakuwa na sura gani mchana, jua likiwa kali na mlima haujaisha. Mashine nyingi ninazoona sasa, zile ndogo za kubeba begani, zinawaka vizuri dukani, halafu ukishachomelea nguzo ya pili zinazima zenyewe, zinakaa zikihema kama kuku mwenye joto. Na lori la mtu liko uwanjani, na mwenye lori amekaa juu ya tairi anakuangalia.

Nilijifunza hayo kwa njia ya nyumba yangu mwenyewe. Nitawaambia.

Miaka hiyo bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya mpya, na sisi wanawake wa huku kwetu juu ya Karatina tulikuwa na kikundi cha mabati. Kila mwanamke alitoa kidogo alichopata kwa kahawa au kwa kulima shamba la watu, na kila mwisho wa mavuno kikundi kiliezeka nyumba ya mmoja. Ukipata zamu, unatoa nyasi, unaingia chini ya mabati, unakuwa mtu. Zamu ikipita, inazunguka kwa wote kabla haijarudi kwako. Hiyo mnaielewa? Ikipita, imepita.

Bwanangu, Baba Wanjiru, alikuwa seremala wa bodi za lori. Banda lake lilikuwa kando ya barabara, liko na mabati, liko na stima ya kuendesha msumeno, kwa sababu waya wa kwenda kiwanda cha kahawa ulipita juu ya kichwa chetu. Nyuma ya banda ndiyo nyumba yetu, ya nyasi, na inavuja. Malori yalilala pakavu na binadamu wakalala majini. Watu walitucheka sana kwa hiyo.

Aliyeloa zaidi ni mama mkwe wangu. Kitanda chake kilikuwa pembeni, mahali nyasi zilikuwa zimeoza, na alikuwa na kikohozi kinachoanza na mawingu. Binti yangu wa kwanza alipewa jina lake, kama desturi yetu, kwa hivyo nikiita "Wanjiru, wewe mvivu, leta kuni!" mama mkwe alikuwa anaitikia kutoka kitandani, "Nakuja, lakini usinitukane." Nilimpenda. Alikuwa na mdomo, lakini nilimpenda.

Sasa, wenye malori walikuwa wameanza kukataa mbao tupu. Walitaka mbavu za chuma. Baba Wanjiru alijua mbao mpaka harufu yake, lakini chuma alikiogopa. "Chuma hakina harufu," alisema. "Utajuaje kama kimeoza?" Basi kila kipande cha chuma tulikipeleka Nyeri kwa Mzee Salim.

Mzee Salim alikuwa Mwislamu wa pale mjini. Babake alitoka pande za pwani, mamake sijui wapi, na yeye alisema Kiswahili kinachoteleza kama samli. Mimi ndiye nilikuwa napeleka vyuma kwa basi, nangoja siku nzima, narudi navyo. Kungoja kulinichosha. Siku moja akaniambia, "Mama Wanjiru, ukikaa bure utaota mizizi. Shika hiki." Nikashika. Siku nyingine akanipa rodi, kile chuma chembamba cha kuchomelea. Nikagandisha rodi kwenye chuma, ikabaki imesimama pale kama kinyesi cha mbuzi kilichoota miguu. Hakucheka. Alisema, "Usiangalie moto. Moto ni fahari tu. Angalia kidimbwi nyuma yake, kile kinachoyeyuka. Huko ndiko kazi iko. Na sikiliza. Ikilia kama mandazi kwenye mafuta, endelea. Ikipiga kelele kama mtoto, umeenda mbali. Ikinyamaza, umekaribia mno."

Nawapa hiyo bure. Mimi niliilipia kwa macho. Kioo cha kofia yake kilikuwa na ufa, na usiku ule nililala na vipande vya viazi vibichi juu ya macho, nikilia machozi ya moto. Nyinyi mnachomelea na miwani ya jua ya sokoni. Nawaona kutoka hapa nilipokaa. Mtakuja kuniuliza ni viazi vya aina gani.

Shida ni kwamba lori zima haliwezi kupanda basi. Mwenye lori akipeleka lori lake Nyeri kuchomelewa mbavu, anapata huko seremala pia, na sisi tunabaki na msumeno wetu unapata kutu. Banda lilikuwa linakufa. Halafu akaja Haji, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, mrefu, ndevu nyekundu kwa hina, na lori jipya lisilo na bodi. Alitaka bodi ya kubeba mafahali, mbavu za chuma, sakafu ya mbao yenye vyuma vya kuzuia kwato zisiteleze.

"Nasikia wewe mama unajua moto," akaniambia. "Na bwana anajua mti. Nataka vyote viwili mahali pamoja. Mnaweza?"

"Tunaweza," nikasema, na hatukuwa na mashine.

"Basi sikia. Nitapakia, niende, nirudi. Ikishika, nawalipa kwa mabati ama chochote mnachotaka, na nawaletea lori la pili. Ikipasuka, mtanirudishia vyuma nitakavyowaletea."

Wiki hiyohiyo ikafika zamu yangu ya kikundi.

Nilisimama mbele ya wanawake nikasema sitaki mabati, nataka mashine ya kuchomelea. Kisha Mama Muthoni, mwenyekiti wetu, mwanamke mpana kama mlango wa ghala, akauliza, "Utajifunika na mashine?"

"Mashine italeta mabati."

"Ati italeta! Itatembea?"

"Mvua ya njahi, ile ya masika, iko karibu," mwingine akasema. "Yule mama mkwe wako atakufa na kikohozi, na utakuwa umeshika moto mkononi."

Nilimwangalia mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya wote. Akasema, "Nimeloa tangu Mzungu akiwa hapa. Wacha nilowe tena kidogo. Lakini wewe," akaninyooshea fimbo, "usiniletee kitu kibaya." Hapo ndipo walikubali, kwa sharti moja: pesa ni ya kikundi, kwa hivyo kikundi kitaenda kuchagua.

Ndiyo maana tulienda wanawake watano, na vitambaa vichwani na vikapu mgongoni, tukaingia kwa Mzee Salim. Alikuwa na mashine tatu za kuuza. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama ng'ombe amelala, ilitoka kwa kiwanda cha mbao cha Mzungu aliyerudi kwao. Ya pili ilikuwa na injini ya petroli. Ya tatu ilikuwa sanduku la chuma lililojaa oili, limepakwa rangi ya majani, halina hata magurudumu, baya kabisa.

Mama Muthoni aliizunguka ile kubwa, akaipiga ubavuni kwa kofi. "Hii iko na nyama. Inakula nini?"

"Inakula stima, mama," Mzee Salim akasema.

"Inazaa?"

"Inazaa ugomvi. Hiyo yataka stima ya waya tatu. Kwenu iko ya waya mbili. Mtaikalia kama kiti."

Kijana, andika hapo ukutani kwako: kabla hujaangalia mashine, angalia stima yako. Mimi nilikuwa najua stima yangu kama najua ng'ombe wangu. Nilijua wakati wa kahawa kiwanda kikianza kusaga jioni, taa ya bandani inageuka rangi ya chai ya maziwa. Nilijua waya wetu kutoka kwenye nguzo ulikuwa mrefu na mwembamba. Ukileta mashine yenye tamaa hapo, itanyonya mpaka jirani zako waje na fimbo.

Ile ya petroli ilikuwa nzuri, sitadanganya. Lakini ilikunywa. Na mimi sikuwa nimeolewa na mlevi, sikutaka kuanza sasa.

Basi tukabaki na lile sanduku la oili. Wanawake walikunja pua. Nilitoa kikapuni vyuma vyangu, nilivyotoka navyo nyumbani: kimoja kinene cha kitanda cha lori, chenye kutu na matope makavu, kimoja chembamba cha mlango. Msijaribu mashine kwa chuma cha muuzaji. Chuma cha muuzaji kimeoshwa uso. Nikachomelea kile kinene, rodi baada ya rodi, bila kupumzika, mpaka mgongo wangu ukaanza kusema. Kisha nikageuza nguvu chini nikachomelea kile chembamba, nione kama itakitoboa. Haikutoboa. Halafu nikavua glavu nikaweka kiganja kwenye ubavu wa lile sanduku. Joto lake lilikuwa la chungu cha uji kilichoepuliwa zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Yenyewe bado.

"Hii," nikasema.

"Ni mbaya," Mama Muthoni akasema.

"Hata wewe si mrembo, na unaendesha kikundi."

Mzee Salim alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Muthoni aliniangalia, halafu naye akacheka, na hivyo ndivyo ilinunuliwa.

Kuileta nyumbani ndiyo ilituua. Kondakta hakutaka oili kwenye basi lake, tukaimwaga yote kwenye madebe. Basi likatushusha kwenye lami, na kutoka hapo mpaka bandani ni kupanda. Hakuna lori lililopita. Tukafunga sanduku kwenye magogo mawili, tukatia kamba za ngozi, zile mukwa tunazobebea kuni, tukaziweka kwenye paji la uso, wanne chini ya mashine na mmoja na madebe. Ile mukwa ilikuwa imeshatutia alama kichwani tangu usichana, kwa hivyo kila kamba ilijua njia yake. Watu walitoka nje ya nyumba kuangalia. "Nani amekufa?" mzee mmoja akauliza. Mama Muthoni akajibu bila kuinua kichwa, "Mabati."

Kazi ikaanza. Hapa nitawaambia jambo ambalo fundi mmoja wa Kianyaga hakulijua, na lori la viazi la mtu wa Endarasha likakatika katikati kama muwa. Yeye alichomelea bodi moja kwa moja juu ya chesisi. Chesisi ni uti wa mgongo, lazima ijikunje kidogo kwenye mashimo. Ukiishika kwa moto mahali pamoja, itajikunja palepale kila siku mpaka ivunjike. Sisi tuliweka mbao ndefu ya mutamaiyu, ule mti mgumu unaovunja shoka, kati ya chesisi na bodi, tukakaza kwa boliti zilizopindwa kama kiatu cha farasi. Hiyo ilikuwa kazi ya Baba Wanjiru. Chuma ni changu, na mbao inayokipa chuma nafasi ya kupumua ni yake. Hatukuwahi kugombana kwa hiyo, na tuligombana kwa mengine yote.

Kisha mvua ikaja mapema.

Ilikuja kabla hatujaanza upande wa kushoto, ikaingia nyumbani kama mgeni asiyebisha. Kitanda cha mama mkwe kililoa kabisa. Nilimkuta ameketi katikati ya nyumba, mwavuli mkononi, ndani ya nyumba yake. Kikohozi kilikuwa kimeshuka mpaka tumboni. Nilimbeba mgongoni nikampeleka bandani, nikamtandikia juu ya sakafu ya lile lori, tulipokuwa tumeshapiga mbao. Palikuwa pakavu. Hapo ndipo alilala, kwenye kitanda cha mafahali, na sisi tukachomelea upande mwingine tukimwekea turubai asione moto.

"Mnanipeleka wapi na hii gari?" alikuwa akiuliza kila asubuhi.

"Nanyuki, Maitu," nikamjibu, kama tunavyoita mama. "Tunakuuza."

"Muulize Haji kama atanipa majani mazuri."

Bodi ilipokamilika kusimama, nilitaka kujua kama itashika kabla ya ng'ombe wa mtu kuingia. Ng'ombe kwenye kona wanaegemea wote upande mmoja, na hapo ndipo mbavu hufa. Lakini ng'ombe sikuwa nao. Nilikuwa na kikundi. Tulimshusha mama mkwe, wanawake wakawashusha watoto mgongoni kwanza, kisha wakapanda wote, na dereva ambaye Haji alimwacha na lori akatuzungusha kwenye kona za kuteremka mtoni. "Egemeeni!" nikawa napiga kelele. "Kulia! Sasa kushoto! Nyinyi ni mafahali, si mabibi harusi!" Wakaegemea wakiimba. Na kwenye kona ya mwisho, upande wa kushoto, tukasikia *tak*. Ubavu mmoja ukaachia, na Mama Muthoni akabaki ameshika hewa.

Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna aliyeimba kurudi.

Nilivunja ile sehemu kwa nyundo, nikaangalia ndani. Ilikuwa na matundu kama mkate. Nikajua mara moja. Si mashine. Ni rodi. Nilikuwa naziweka nyumbani, juu ya dari ya moshi, na mvua ilikuwa imezilowesha. Rodi yenye maji inatema, inaacha matundu ndani, na juu inaonekana safi kabisa. Upande wa kulia nilichomelea kabla ya mvua. Upande wa kushoto wote, baada.

"Sasa?" Mama Muthoni akauliza. Walikuwa wamesimama pale wote, wameloa, wakiniangalia kama watu wanaoangalia zamu yao ikizama.

"Sasa nautoa wote, naanza tena."

"Haji anakuja kesho kutwa."

"Basi nishikieni."

Wakashika. Tulikata kila ubavu wa kushoto. Mama mkwe akawasha jiko la makaa pembeni, akapanga rodi juu ya bati, akawa anazigeuza kama mahindi. Nilimkuta moja ameichomeka kwenye kiazi, anakioka. "Maitu, hiyo si kijiti!" Nikakitupa kiazi kwa mbwa, na hata mbwa hakukila. Tangu hapo alizilinda vizuri. Aliziita mifupa. "Leta mkono, nikupe mfupa mkavu," anasema, na mimi nachukua, nachomelea, narudi. Niliufunga mkono wangu kwa leso kwenye kiwiko ili utulie. Sanduku lile baya lilikuwa linanguruma tu pale pembeni, halijali. Mara nyingi niliweka kiganja ubavuni mwake, si kupima joto, ni kupumzika tu.

Haji alikuja. Aliangalia, akaondoka na lori lake. Siku zile alizokuwa njiani sikula vizuri. Mvua haikuacha. Mama mkwe sasa alilala kwenye vumbi la msumeno, kwa sababu kitanda chake cha mafahali kilikuwa kimeenda Nanyuki, na aliniuliza mara moja tu, "Likivunjika?" Nikamwambia, "Likivunjika, tumelowa." Akatikisa kichwa, akakohoa.

Halafu tulisikia honi barabarani. Lori lilikuwa limejaa mavi ya ng'ombe mpaka juu. Haji alishuka, akaingia chini yake na kanzu yake nyeupe bila kujali, akapiga kila ubavu kwa fimbo, kulia na kushoto, akisikiliza. Alitoka na matope magotini.

"Fahali mmoja alikasirika Naro Moru," akasema. "Akapiga upande ule wa kushoto kwa kichwa mpaka pembe ikavunjika."

"Na ubavu?"

"Nimesema pembe, mama. Sikusema ubavu."

Lori la pili lilifika baadaye, chesisi tupu, na juu ya chesisi yamefungwa mabati.

Wanawake walikuja na nyundo zao. Walitoa nyasi, wakapanda, wakapigilia, na Mama Muthoni akisimamia kutoka chini kwa sababu hakuna mtu aliyeamini mbao zile chini yake. Mawingu yalikuwa yanateremka kutoka mlimani tukigonga msumari wa mwisho. Tukambeba mama mkwe ndani, kitanda pembeni palepale. Mvua ikaanza.

Nyinyi mmezaliwa chini ya mabati, hamwezi kujua. Nyasi hunong'ona. Mabati yalipiga kelele kama lori la mawe linamwagwa. Tulikuwa tumesimama wote ndani, tumeinua macho, tunangoja tone. Hakuna tone. Mama mkwe alikuwa anafungua mdomo na kufunga, anafungua na kufunga, na hatusikii kitu. Nilidhani ni kikohozi. Nikapiga magoti, nikaweka sikio mdomoni mwake.

"Nasema," akapaza sauti, "umenikausha! Sasa nipikie uji!"

Mikono yangu ilikuwa na malengelenge, macho yalikuwa yanachoma, na chini ya turubai bandani kulikuwa na chesisi ya pili inayoningoja asubuhi. Nilikaa hapo kitandani kidogo, kando yake, pakavu. Kisha nikaenda kuwasha moto.